Urho Kekkonen na Bei ya Nusu Shari

(Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya kikundi chetu cha wasomaji wa historia. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale walioomba udhuru.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, wanafunzi, ndugu wasikilizaji,

Niliombwa nizungumze juu ya kiongozi aliyekaa madarakani muda mrefu, na nadhani wengi wenu mlitarajia jina la karibu. Nimekwenda mbali, kaskazini kabisa mwa Ulaya, kwa sababu mtu ninayewaletea leo anatunyima majibu ya haraka. Hakuingia kwa mapinduzi. Akiwa rais hakumtia mpinzani wake gerezani. Wakati wake magazeti yalichapishwa, vyama vilishindana na wabunge walichaguliwa kwa kura za haki. Hata hivyo, Urho Kekkonen aliapishwa kuwa rais wa Ufini tarehe 1 Machi 1956, na hakuondoka mpaka ugonjwa ulipomwondoa. Mrithi wake alishika madaraka rasmi tarehe 27 Januari 1982. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya kuapishwa alitimiza miaka 25 bila kumjua rais mwingine.

Aliwezaje? Na wale ambao wangeweza kumzuia walikuwa wapi?

Nitasema mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Kekkonen alidumu kwa sababu taifa zima, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, lilikubali kuamini kwamba amani na Moscow imo mikononi mwa mtu mmoja. Imani hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana haikung'oka kwa urahisi.

Tuanze na nchi yenyewe, kwa sababu bila jiografia hatutamwelewa. Ufini inapakana na Urusi kwa takriban kilomita 1,300. Tarehe 30 Novemba 1939 Jeshi Jekundu la Wasovieti lilivuka mpaka huo, na nchi yenye watu wasiofika milioni 4 ikapigana kwa siku 105 mpaka ikalazimika kusaini amani ya uchungu. Mwaka 1941 iliingia tena vitani, safari hii ikiwa upande mmoja na Ujerumani, na mwaka 1944 ikashindwa tena. Ilipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, pamoja na mji wa Viipuri. Watu zaidi ya 400,000 walihama makwao wakatafutiwa mashamba na nyumba katika sehemu iliyobaki. Juu ya hayo ilitozwa fidia ya dola milioni 300, iliyolipwa kwa meli, mashine na nyaya, na mzigo huo haukwisha mpaka mwaka 1952.

Kulikuwa pia na Porkkala. Hii ni rasi iliyo kilomita 30 hivi magharibi ya Helsinki, na washindi waliichukua kwa mkataba wa miaka 50 wakajenga kambi ya kijeshi ambayo mizinga yake ingeweza kuufikia mji mkuu. Reli inayokwenda Turku ilipita katikati ya eneo hilo. Kwa hiyo treni za Ufini zilipofika mpakani zilisimama, madirisha yakazibwa kwa nje, na abiria wakapitishwa katika nchi iliyokuwa yao juzi tu bila kuona hata mti mmoja. Wafini, ambao wana utani mkavu kweli, wakaiita njia hiyo handaki refu kuliko yote duniani.

Sasa jiulizeni: kiongozi wa watu hawa angemwambia nini jirani yake? Wenzao wa Estonia, ng'ambo ya ghuba, walikuwa wamekwisha kumezwa. Mwezi Februari 1948 wakomunisti walishika serikali kule Prague, na katika mwezi uleule Stalin akamwandikia Rais Paasikivi kupendekeza mkataba. Mkataba ulisainiwa Moscow mwezi Aprili, na Kekkonen alikuwa mmoja wa wajumbe waliokwenda kuujadili. Ulitambua nia ya Ufini ya kukaa nje ya ugomvi wa mataifa makubwa, lakini uliacha kifungu kilichosema kwamba Ujerumani au washirika wake wakitishia kushambulia kupitia Ufini, nchi hizi mbili zitashauriana. Shikeni kifungu hicho, tutakirudia.

Wahenga wetu walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Paasikivi alilielewa hilo, na Kekkonen alilielewa zaidi. Tatizo la nusu shari ni moja: nani anashika mizani? Nani anaamua kwamba hapa ni nusu, na hapa tumekwisha kupita nusu?

Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1900 Pielavesi, katika mkoa wa Savo, kwenye nyumba ya wapangaji wa kijijini. Baadaye, alipokuwa mwanasiasa mkubwa, wasaidizi wake waliichezea picha ya nyumba hiyo wakafuta dohani yake, ili ionekane kibanda cha fukara zaidi kuliko ilivyokuwa. Wengi tumezoea viongozi wanaojiongezea ukuu wa ukoo, lakini huyu alipunguziwa dohani!

Akiwa kijana wa miaka 17 alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918 upande wa Weupe, yaani wahafidhina, dhidi ya Wekundu, yaani wasoshalisti, na huko Hamina alihusika katika kuwapiga risasi wafungwa, jambo lililomwandama rohoni. Kisha akaenda Helsinki kusoma sheria, na ili kujikimu akafanya kazi katika polisi ya usalama, ambayo shughuli yake kubwa ilikuwa kuwafuatilia wakomunisti. Hapo hapo ofisini alikutana na Sylvi Uino, mpiga chapa, ambaye walioana mwaka 1926 na ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mwenye heshima yake mwenyewe. Mwaka 1924 Kekkonen alikuwa bingwa wa taifa wa kuruka juu. Mwaka 1936 alipata shahada ya udaktari wa sheria, na naomba wanafunzi wa sheria walio hapa wasikilize: tasnifu yake ilihusu haki ya kupiga kura katika serikali za mitaa. Mtu aliyekuja kuongezewa muda wa urais bila uchaguzi alikuwa daktari wa sheria za uchaguzi.

Hakuzaliwa rafiki wa Moscow, jambo ambalo mashabiki wake na maadui zake hupenda kulisahau. Mwezi Machi 1940, amani ilipopelekwa bungeni, yeye alikuwa miongoni mwa waliotaka vita viendelee. Miaka michache baadaye, alipoona Ujerumani inaelekea kushindwa, aligeuka, akaanza kusema wazi kwamba usalama wa Ufini utapatikana kwa kuaminiana na jirani wa mashariki. Vita vilipokwisha akawa waziri wa sheria, na ni chini ya wizara yake ambapo viongozi wa wakati wa vita, akiwemo rais wa zamani Risto Ryti, walishtakiwa kwa sheria iliyotungwa baada ya matendo yao kutendeka. Washindi walilidai, na mkataba wa kusimamisha vita uliwabana. Ryti alihukumiwa miaka 10. Wapo Wafini ambao hawakumsamehe Kekkonen kwa hilo hata siku moja.

Mwaka 1956 ulipofika, alikuwa amekwisha kuwa waziri mkuu kwa vipindi kadhaa kupitia Chama cha Wakulima. Rais wakati huo alichaguliwa na wajumbe 300 waliochaguliwa na wananchi. Katika duru ya pili jina la Mzee Paasikivi liliingizwa ghafla, na wakomunisti na wenzao wakagawa kura zao kwa ustadi, nyingine wakampa msoshalisti Karl-August Fagerholm, ili Paasikivi aanguke na Kekkonen abaki. Duru ya tatu ikawa 151 kwa 149. Kama mjumbe mmoja tu angebadili mawazo, ingekuwa sare. Watu wamebishana miaka mingi kura ya mwisho ilitoka kwa nani. Mimi naona swali hilo halina faida kubwa kuliko hili: mtu aliyeingia kwa pengo la kura 2 aligeukaje kuwa mtu asiye na mbadala?

Somo la kwanza alilipata mwaka 1958. Fagerholm aliunda serikali kubwa ya vyama vingi, lakini akawaacha nje wakomunisti na washirika wao, ambao katika uchaguzi wa mwaka huo walikuwa wamepata viti 50 kati ya 200, wengi kuliko chama kingine chochote. Moscow haikuipenda serikali hiyo. Haikutuma kifaru hata kimoja. Balozi wake aliondoka bila kuaga na hakuletwa mwingine. Mazungumzo ya biashara yakasimama. Viwanda vilivyotegemea soko la mashariki vikaanza kuhesabu hasara. Rais angeweza kusimama nyuma ya serikali yake. Hakusimama. Mwezi Desemba waziri wa mambo ya nje kutoka chama cha Kekkonen mwenyewe alijiuzulu na serikali ikaanguka. Mwezi Januari Kekkonen akaenda Leningrad kwa safari iliyoitwa ya binafsi, akakutana na Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, na mara biashara ikafunguka. Khrushchev alifananisha kipindi kile na baridi kali ya usiku, na Wafini hadi leo hukiita hivyo.

Mnaona kilichotokea? Serikali iliyokuwa na wingi bungeni ilianguka bila bunge kuiangusha, na aliyerudisha heri alikuwa mtu mmoja aliyepanda treni.

Sipendi kumdhulumu. Urafiki ule ulizaa matunda halisi. Porkkala ilirudishwa mwanzoni mwa 1956, karibu miaka 40 kabla ya muda wake, baada ya mazungumzo ambayo Kekkonen alishiriki akiwa waziri mkuu. Mwaka 1960 Khrushchev alikuja Helsinki kwenye sherehe ya miaka 60 ya rafiki yake. Waliingia sauna ya Tamminiemi, nyumba aliyoishi rais, wakakaa humo mpaka karibu na alfajiri, huku wasaidizi wa pande zote mbili wakisinzia nje. Baada ya usiku huo Moscow ililegeza msimamo kuhusu Ufini kujiunga na soko huria la nchi za Magharibi, na makubaliano yakasainiwa mwaka 1961. Nchi iliyokuwa ikipumua kwa pua moja ilianza kupumua kwa mbili. Je, ingewezekana bila Kekkonen? Pengine. Je, iliwezekana pamoja naye? Ndiyo, na wakulima na wafanyakazi wa viwanda vya karatasi walioishi kwa mauzo hayo hawakuwa na haja ya nadharia.

Sasa naomba tutulie kidogo kwenye mwaka 1961, kwa sababu hapo ndipo penye kesi yenyewe.

Uchaguzi wa rais ulikuwa unakaribia. Wasoshalisti, wahafidhina na vyama vingine kadhaa, watu ambao kwa kawaida hawakukaa meza moja, waliungana kumsimamisha Olavi Honka, mwanasheria mstaafu aliyekuwa msimamizi mkuu wa sheria wa serikali. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba Kekkonen anaweza kushindwa. Ulimwengu nao ulikuwa umechafuka. Ukuta wa Berlin ulikuwa umejengwa mwezi Agosti. Katikati ya Oktoba Kekkonen alikwenda Marekani, akapokelewa na Rais Kennedy, akapata alichokitaka, yaani kutambuliwa kwa siasa ya kutofungamana ya Ufini. Mwisho wa ziara akapelekwa Hawaii kupumzika.

Tarehe 30 Oktoba, siku ileile Wasovieti walipolipua bomu la nyuklia kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, balozi wa Ufini mjini Moscow alikabidhiwa barua. Ilieleza hatari ya Ujerumani Magharibi, ikataka mashauriano ya kijeshi kwa mujibu wa kile kifungu cha 1948 nilichowaomba mkishike.

Fikirini hali ya Helsinki asubuhi ile. Rais yuko upande wa pili wa dunia, kwenye ufukwe wa Waikiki, chini ya minazi. Nyumbani watu wananunua sukari na kahawa za kuweka akiba. Naye anafanya nini? Hakukatiza ziara. Alimtanguliza waziri wake wa mambo ya nje, Ahti Karjalainen, arudi kuangalia, na yeye akaendelea na ratiba. Huo ulikuwa utulivu wa mtu jasiri, au utulivu wa mtu anayejua zaidi ya wengine? Wafini wameuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 60.

Karjalainen alikwenda Moscow, akaambiwa kwamba wasiwasi wao unahusu siasa za ndani za Ufini. Kekkonen akavunja bunge ili uchaguzi wa wabunge ufanyike mapema. Haikutosha. Akasafiri mwenyewe mpaka Novosibirsk, katikati ya Siberia, ambako Khrushchev alikuwa ziarani, wakakutana tarehe 24 Novemba. Siku hiyohiyo, Honka alitangaza kujitoa katika uchaguzi kwa ajili ya maslahi ya taifa. Khrushchev akakubali mashauriano yaahirishwe. Mwezi Februari 1962 Kekkonen alipata kura 199 kati ya 300.

Pengo la kura 2 limekuwa nini? Limekwisha. Limefutwa na barua moja.

Wako wanaosema Kekkonen aliiagiza barua hiyo mwenyewe kupitia marafiki zake Wasovieti. Wako wanaosema Moscow ilikuwa na sababu zake za Berlin na ilitaka pia kumwokoa mtu wake, bila yeye kuomba. Hakuna hati iliyopatikana ikamaliza ubishi. Mimi naelekea upande wa pili, lakini naongeza neno. Hata kama hakuiomba, aliipokea, akaitumia, akaacha taifa liamini kwamba bila yeye pasingekuwa na njia. Kiongozi huulizwa pia juu ya zawadi alizozikubali.

Baada ya hapo, ndugu wasikilizaji, jambo lililobadilika ni tabia ya watu. Mwanasiasa kijana aliyetaka cheo alijitafutia ofisa wa ubalozi wa Kisovieti, akamwalika nyumbani, wakanywa, wakazungumza. Ikawa desturi, kila mwenye ndoto na Mrusi wake. Wahariri walijifunza kutochapisha kabla hata ya kukatazwa. Kekkonen mwenyewe aliandika barua kali kwa mawaziri, wahariri na wakuu wa taasisi, akiwakaripia kama mwalimu mkuu, na aliyeipata alijua kwamba mustakabali wake uko mezani. Chama cha wahafidhina, ambacho mwaka 1979 kilishika nafasi ya pili kwa viti 47, kilikaa nje ya serikali kuanzia 1966 hadi 1987. Sababu? Ilisemwa tu kwamba ni sababu za jumla, na kila mtu alielewa. Nani aliitoa amri hiyo? Hakuna aliyeitoa. Ndiyo maana haikuwa rahisi kuipinga. Huko Ujerumani Magharibi wanasiasa walilitumia jina la Ufini kama onyo la namna nchi huru inavyoweza kujifunga yenyewe, na Wafini waliumia sana kwa onyo hilo, kwa sababu halikuwa la haki kabisa na halikuwa la uongo kabisa.

Aliyepiga kelele hadharani alikuwa Veikko Vennamo, mtetezi wa wakulima wadogo na wa wale waliohamishwa kutoka Karelia, ile ardhi iliyopotea vitani, msemaji hodari na, tuseme ukweli, mzushi pia. Mwaka 1970 chama chake kiliruka kutoka kiti 1 mpaka 18. Wananchi walikuwa na jambo walilotaka kulisema.

Hapo tunafika 1973, na hapa hasira yangu haimwelekei Kekkonen peke yake. Muhula wake ulikuwa unaisha 1974. Ufini ilitaka kusaini mkataba wa biashara na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na Moscow ilihitaji kuhakikishiwa kwamba hakuna kitakachobadilika. Mwaka 1972, katika mazungumzo na Brezhnev, kiongozi wa Wasovieti wakati huo, huko Zavidovo, Kekkonen alitoa dhamana yake binafsi. Kumbukumbu za siri za mazungumzo hayo zikavuja kwenye magazeti, naye akakasirika, akatishia kuondoka. Vyama vikaingiwa na hofu. Vikamwomba abaki. Naye hakuwa tayari kuhangaika tena na kampeni na matusi ya Vennamo. Kwa hiyo vikaamua kumwongezea miaka 4 kwa sheria maalumu, bila kuwauliza wananchi.

Sheria ya namna hiyo, ili ipite haraka, ilihitaji theluthi mbili? Hapana, ilihitaji sehemu tano kati ya sita za kura. Ilipata 170 dhidi ya 28. Fanyeni hesabu: kati ya kura hizo 198, kiwango kilikuwa 165. Kura 6 tu zingehama, jambo lingekwama. Walikuwepo waliokataa, Vennamo na watu wake, na wachache wengine kama Georg C. Ehrnrooth, ambao waliitwa wakorofi wasiojua maslahi ya nchi. Lakini wasoshalisti, ambao 1956 walimpinga, walisema ndiyo. Wahafidhina wengi, waliomsimamisha Honka 1961, walisema ndiyo, wakitumaini kwamba sasa watafunguliwa mlango wa serikali, na hawakufunguliwa. Nani alimnyang'anya nani uchaguzi? Hapakuwa na askari ukumbini. Hapakuwa na bunduki. Kulikuwa na wabunge 170 waliobonyeza kitufe.

Na sasa mgeuzo ambao huwasumbua wote wanaotaka kumhukumu kwa neno moja. Miaka miwili baadaye, kuanzia tarehe 30 Julai hadi 1 Agosti 1975, mtu huyohuyo aliyeongezewa muda bila kura aliwakaribisha katika Ukumbi wa Finlandia viongozi wa nchi 35: Ford wa Marekani, Brezhnev, Schmidt na Honecker wa Ujerumani mbili, Tito, Ceaușescu, Askofu Mkuu Makarios wa Kupro. Walisaini hati ya usalama wa Ulaya. Moscow ilitaka humo kutambuliwa kwa mipaka, ikapata. Lakini hati hiyo ilibeba pia ahadi za haki za binadamu, na mwaka uliofuata wapinzani wa serikali mjini Moscow waliunda kikundi cha kuzifuatilia, na wenzao wa Warsaw na Prague wakafuata. Hati iliyosainiwa Helsinki iliwasaidia watu kuuliza maswali ambayo Helsinki yenyewe iliyauliza kwa kunong'ona.

Mwaka huohuo sura yake ilichapishwa kwenye noti ya marka 500, naye angali hai na madarakani. Mwaka 1978 vyama vikubwa karibu vyote vilimuunga mkono, akapata zaidi ya wajumbe 250 kati ya 300. Mpinzani wa maana hakuwepo. Alikuwa na miaka 77, na waliokuwa karibu naye walianza kuona kwamba kumbukumbu inamtoroka. Madaktari walinyamaza. Wasaidizi walinyamaza. Waandishi walijua, wakanyamaza. Nchi iliyozoea kunyamaza kuhusu jirani haikupata shida kunyamaza kuhusu rais.

Aliyevunja ukimya huo alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kusemea chini, Mauno Koivisto, waziri mkuu msoshalisti. Mwezi Aprili 1981 Kekkonen alimdokeza kwamba serikali yake iondoke, kama alivyoziondoa nyingi kabla yake. Koivisto alijibu, kwa adabu, kwamba kwa mujibu wa katiba serikali hukaa kwa imani ya bunge, na imani hiyo anayo. Basi. Hakuandamana mtu. Rais hakuwa na la kufanya. Miaka 25 ilikuwa imepita, na ilionekana kwamba mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haujafungwa kwa ufunguo.

Naona mnatikisa vichwa, na najua swali lenu: kwa nini hakutokea Koivisto mapema? Jibu la haki ni kwamba 1958 na 1961 hofu ilikuwa na sababu, na 1981 Brezhnev na Kekkonen wote wawili walikuwa wazee wagonjwa. Lakini 1973? Hapo mimi sipati udhuru unaonitosheleza.

Mwezi Agosti 1981 alikwenda Iceland kuvua samaki, kama alivyopenda, akarudi mgonjwa. Mwezi Septemba alichukua likizo, mwezi Oktoba akajiuzulu. Aliachiwa aendelee kuishi Tamminiemi, na huko alifariki tarehe 31 Agosti 1986, siku 3 kabla ya kutimiza miaka 86. Maelfu walisimama barabarani kumsindikiza, na wengi wao walilia kweli.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na walichofanya Wafini baada yake, kwa sababu hawakubomoa sanamu wala kubadili majina ya barabara. Walibadili sheria. Mwaka 1991 waliweka kikomo cha mihula miwili mfululizo, wakamnyang'anya rais mamlaka ya kulivunja bunge bila waziri mkuu kuomba. Wajumbe 300 waliondolewa, na mwaka 1994 rais akachaguliwa moja kwa moja na wananchi. Aliyeshinda anajulikana kwa baadhi yenu wazee: Martti Ahtisaari, ambaye katika miaka ya 1970, Kekkonen akiwa rais, alikuwa balozi wa nchi yake hapa Dar es Salaam. Katiba mpya iliyoanza tarehe 1 Machi 2000 ilihamishia bungeni kazi ya kumpata waziri mkuu. Ni miaka 44 kamili, tarehe kwa tarehe, tangu Kekkonen alipoapishwa.

Nakaribisha maswali, na kwanza kabisa nataka kumsikia yeyote anayeona kwamba mwaka 1973, kama angekuwa mbunge kule Helsinki, angebonyeza ndiyo.